Tovuti Iliyopimwa kwa Utani

Mkuu wa chuo alinikaribisha ofisini kwake, akaniagizia chai, kisha akaniambia kwamba kazi aliyoniitia ilikuwa imekwisha kufanyika. Kilichobaki ni mimi kuandika kwamba imefanyika. Nilimwomba arudie. Alirudia bila kusita, kwa kuwa hakuona neno la aibu katika aliyoyasema. Chuo chake kilikuwa kimetengeneza tovuti. Wafadhili waliosaidia kazi hiyo walitaka mtu wa nje ya chuo aipime kwa kuwaalika watu wanaoona na watu wasioona, aone kama wote wanaweza kuitumia, kisha aandike taarifa. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, naishi Makole, sina ugomvi na mtu, na saini yangu ilikuwa bado inatambulikana mjini.

"Watu tumekwisha kuwaonyesha, mzee wetu," alisema. "Wote wameipenda."

"Wanaoona na wasioona?"

"Wote."

"Aliyewatazama wakiitumia ni nani?"

Akasema walikuwa wameulizwa, nao wakajibu. Alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutoa ushahidi. Nikamweleza kwamba mwalimu akikuuliza kama wanafunzi wake wanajua kusoma, nawe ukaridhika na jibu lake, basi hukwenda kukagua shule, ulikwenda kunywa chai. Alicheka sana. Nami nilikubali kazi ile kwa sharti moja, kwamba nitaandika yale tu nitakayoyaona.

Ilikuwa miaka ambayo vyuo kama hicho vilikuwa vimeambiwa vijitafutie wanafunzi. Zamani wanafunzi waliletwa na wizara, na kazi ya mkuu ilikuwa kuwahesabia vitanda. Sasa kila chuo kilijitangaza kama duka: magazetini, redioni, na kwenye mabango yaliyopigiliwa nguzo za umeme. Kompyuta nayo ilikuwa imeingia mjini kwa kishindo. Katika barabara moja ungekuta kibanda cha simu, kibanda cha kuchapa barua na kibanda cha intaneti vimepangana, vyote vina mitambo iliyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na juu ya vitambaa hivyo vumbi lile lile la Dodoma ambalo halibagui teknolojia. Sikuwa mgeni kabisa wa mashine hizo. Nilijifunza kuzitumia nikiwa mtu mzima, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa kipaji.

Makaratasi ya wafadhili yalieleza utaratibu kwa lugha kavu, nami niliupenda ukavu huo. Mpe mtu kazi ya kweli aifanye, usimpe maswali. Kaa kando. Usimwelekeze, usimsifu, usimwokoe. Mwombe aseme kwa sauti anachokifikiri kadiri anavyoendelea. Andika kwanza alichokifanya, ndipo uandike alichokisema, na viwili hivyo visipopatana, amini cha kwanza. Niliposoma sentensi hiyo ya mwisho nilihisi kana kwamba mwandishi wake aliwahi kukagua shule za msingi wakati wa masika.

Chuo kilinipa chumba chenye dirisha kubwa upande wa mashariki, na kompyuta mbili. Moja ilibeba tovuti yenyewe, ili tusiisumbue laini ya simu. Nyingine ilikuwa ya kupokea maombi yatakayotumwa. Nilipewa pia mtengenezaji wa tovuti, mtu wa makamo mwenye miwani na subira kidogo, ambaye alijifunza ufundi huo Dar es Salaam na kuamini kwamba Dodoma ilikuwa haijastahili bado kazi yake. Kazi niliyowapa washiriki ilikuwa moja tu: watume, kwa kutumia tovuti hiyo, maombi ya kujiunga na kozi fupi ya utunzaji wa kumbukumbu kwa kompyuta.

Nilianza na wanaoona. Wa kwanza alikuwa karani kutoka ofisi za Bunge. Aliniamkia kwa shikamoo ya kuinama, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Nilimwomba aseme kwa sauti kila anachokifikiri.

"Ninafikiri vizuri tu, mzee," alijibu.

Baada ya hapo hakusema lolote hadi mwisho, alipotamka kwamba amemaliza na kwamba tovuti ni nzuri. Wa pili, mwanafunzi wa kike, aliniomba radhi kila alipobonyeza pasipostahili, na alipopotea kabisa akaiomba radhi kompyuta pia. Wa tatu alikuwa mkulima wa mpunga wa Bahi aliyemaliza kidato cha nne. Huyu alipofika mwisho alisimama, akatushukuru wote kwa kuleta maendeleo, akakaa tena. Wote walisema wamemaliza. Wote walisema nzuri.

Nilimwomba mtengenezaji afungue kompyuta ya kupokelea. Maombi ya mwanafunzi yalikuwemo. Ya karani hayakuwemo, wala ya mkulima.

"Watakuwa wamekosea wao," alisema.

"Wamekosea nini?"

Akarudia hatua zao, na ukurasa ukajirudia pale pale. Juu kabisa palikuwa na ujumbe: tarehe ya kuzaliwa haijajazwa. Alikuwa ameuandika kwa rangi ya kijani iliyopauka, kama zabibu changa, juu ya weupe. Jua la asubuhi lilikuwa limeilalia skrini. Ilinibidi nikinge mwanga kwa kiganja ili niyaone maandishi ambayo yeye alikuwa akinionyesha kwa kidole.

"Si upo, mzee?"

"Upo," nilimjibu, "kama wewe ulivyopo kwa mtu aliye Singida."

Basi wale wawili walikuwa wameona ukurasa ukitikisika, wakadhani mambo yamekwisha, wakasema nzuri. Hawakudanganya. Walikuwa wageni kwenye nyumba ya watu, mbele ya mtu wa umri wa baba zao, na mgeni mwenye malezi hasemi kwamba kiti alichopewa kina mguu uliovunjika. Anajishikilia asianguke. Katika ukaguzi dawa yangu ya jambo hilo ilikuwa kufika bila taarifa. Lakini huwezi kumvizia mtu uliyemwalika mwenyewe na kumvutia kiti.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja asiyeona, na hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la makaratasi.

Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali, umri wake kama miaka arobaini, Mgogo wa vijiji vya magharibi ya mji. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Alisoma shule maalumu, akafanya kazi ya kupokea na kuunganisha simu tangu ujana, na baadaye akapelekwa mafunzo ya kutumia programu inayosoma kwa sauti yale yaliyomo kwenye skrini. Ofisi yake ilikuwa karibu kufunga mtambo mpya ambao ungeunganisha simu wenyewe. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo wangepunguzwa, isipokuwa yule atakayepata nafasi katika kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Huyo angehamishiwa masjala. Kozi hiyo ilikuwa ya chuo hiki, na mkuu wa chuo alikuwa na sharti lake: mwombaji asiyeona atapokewa iwapo atatuma maombi mwenyewe kupitia tovuti, bila mkono wa mtu. Sharti hilo halikutokana na ubaya. Mwaka uliotangulia ndugu za kijana mmoja walimjazia kila kitu, naye alipofika darasani hakuweza hata kuiwasha mashine. Mkuu aliona kwamba atakayeiweza tovuti ataweza na masomo.

Kwa hiyo taarifa yangu ilikuwa na uzito ambao wafadhili hawakuujua. Nikiandika kwamba wasioona wanaweza kuitumia tovuti hiyo, na mama huyu ashindwe, kushindwa kutakuwa kwake yeye.

Alikuja na dereva wa ofisi yao, Mhehe mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye alimwongoza hadi kwenye kiti kisha akaketi kando yake bila kuambiwa. Mama aliniamkia, akaweka vidole kwenye kibodi, akaanza. Programu ilikuwa ikisoma Kiswahili kwa ulimi wa Kizungu, lakini yeye alikwisha kuzoea lafudhi hiyo na aliisikiliza kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuifuata. Kila alipotulia, dereva alinong'ona: "Shuka tena. Hapo. Jina la baba." Mahali pa tarehe ya kuzaliwa nilimwona dereva akinyoosha mkono na kubofya kwa kipanya. Mwishoni akabofya tena. Maombi yakafika.

Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni akitazama. "Umeona kwa macho yako mwenyewe, mzee wetu."

"Nimeona watu wawili wakituma maombi ya mtu mmoja," nilisema, nikamwomba dereva atoke nje.

Mama akaanza upya, peke yake. Alijaza jina. Mahali palipofuata sauti ilimwambia aandike, isimwambie aandike nini. Akakisia, akakisia vibaya, akarudi. Kwenye tarehe ya kuzaliwa palikuwa na picha ya kalenda ambayo ilitii kipanya tu. Kwa aliyetumia kibodi ilikuwa ukuta. Aliipita. Mwisho wa ukurasa mtengenezaji alikuwa amechora kitufe kizuri chenye neno "Tuma" ndani yake, lakini kwa kuwa kilikuwa picha isiyo na maelezo, sauti ilisoma tu mfuatano wa herufi na tarakimu. Aliusikiliza, akarudi juu, akashuka, akausikiliza tena. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka magotini.

"Ni mimi tu, mzee," alisema. "Vidole vyangu havijazoea. Tovuti ni nzuri."

"Basi na iandikwe hivyo," alisema mkuu kwa upole wa kweli. "Tovuti ni nzuri, mtumiaji hajazoea."

 Mama alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba sentensi hiyo ingemfungia mlango wa masjala, na bado adabu yake haikumruhusu kuipinga mbele yetu. Niliahirisha kazi, nikasema twende tukanywe chai.

Kantini ya chuo ilikuwa na baraza nyuma yake, na kando ya baraza, nyuma ya ukuta mfupi, palikuwa na bomba la kunawia. Nilikuwa hapo nikinawa niliposikia sauti ya dereva.

"Haya, Mgogo, umewapigia magoti wakakupa?"

"Wanipe nini, Mhehe wewe? Wamenijengea nyumba haina mlango."

"Tangu lini Mgogo akajua mlango? Si mnainama tu mnapenya kwenye tembe zenu kama kuku?"

"Tembe ina mlango mmoja, na mgeni anauona. Hii ya kwao ina milango tele ya kuingilia, wa kutokea hakuna. Halafu huyo mama wa Kizungu aliyemo ndani! Nimempa jina, nimempa kijiji, bado ananiambia, andika, andika. Niandike nini, jina la mbwa uliyemla jana?"

"Mbwa yule alikuwa wa kwenu. Alikuja mwenyewe kuomba."

Mama alicheka hadi akakohoa. Kisha akaendelea, na katika maneno machache akaeleza kila kasoro niliyoiona na moja nisiyoiona: kwamba kalenda haimtii, kwamba mwishoni anasomewa namba kama za mbuzi mnadani, kwamba kila ukurasa mpya humrudisha mwanzo.

"Sasa mbona humwambii mzee?"

"Nimwambie mzee wa watu kwamba chakula chake kina mchanga? Kanikaribisha, kanivutia na kiti. Wewe ungesema?"

"Mimi ningekula."

"Najua. Hata mchanga."

Nilibaki pale na mikono yenye maji. Nimeishi na utani tangu nizaliwe, nimeuona misibani ambako mtani huruhusiwa kusema juu ya jeneza lenyewe yale ambayo mtoto wa marehemu hathubutu kuyafikiri, lakini sikuwahi kuuhesabu kuwa chombo cha kazi. Adabu ile ile iliyomfunga mama huyu mdomo mbele yangu ndiyo iliyompa ruhusa mbele ya Mhehe. Makaratasi ya wafadhili yalisema mshiriki aseme anachokifikiri, lakini hayakusema amwambie nani. Aliyeyaandika, nadhani, alitoka mahali ambapo mtu huweza kumwambia yeyote.

Tuliporudi chumbani nilibadili utaratibu. Nilihamisha kiti changu nyuma ya mlango, mahali ninapoona skrini na mikono yao lakini wao hawanisikii hata nikipumua. Mtengenezaji nikamweka karibu yangu. Nikawaambia watani wale wawili wakae pamoja, kila mmoja afanye kazi ile ile kwa zamu yake, na mwenzake asimguse wala asimwelekeze. Kutaniana niliruhusu.

"Umeruhusu nini, mzee?" dereva aliuliza, akidhani hakusikia vizuri.

"Kutaniana."

"Ndani ya ofisi?"

"Ndani ya ofisi."

Alianza yeye, kwa macho yake na kipanya. Akajaza kwa madaha, akasahau tarehe, akabofya kitufe cha mwisho, ukurasa ukajirudia, akanyoosha mikono. "Tayari. Wahehe hatuna mambo mengi."

"Hujamaliza," alisema mama, ambaye alikuwa akiisikiliza programu ikisoma ukurasa kutoka juu. "Amekwambia hujajaza tarehe ya kuzaliwa."

"Amesema wapi?"

"Mwanzo kabisa. Macho mawili yote hayo ni ya nini?"

"Ya kuendeshea gari," alisema dereva, akiinamia skrini hadi pua ikaikaribia. "Kha! Kweli kapaandika. Kaandika kwa maji ya mlenda."

Nilimsikia mtengenezaji akivuta pumzi. Nilimpa karatasi aandike.

Mama alifuata. Sasa alipokwama hakuniomba radhi, bali alimtukana mtani wake, na kila tusi lilikuwa na anwani kamili: hapa panasema andika bila kusema nini, hapa kalenda imekaa kama Mhehe kwenye karamu, haisogei, hapa ananihesabia. Dereva alijibu kila moja, naye mama akazidi kueleza ili ashinde. Mtengenezaji aliacha kukunja mikono kifuani na kuanza kuandika kwa haraka.

Lakini maneno, hata yawe ya kweli, ni maneno. Bado mtu angeweza kusema kwamba mama hakuzoea na kwamba utani umempa kisingizio. Nilitoka nyuma ya mlango, nikaizima skrini, nikaacha sauti tu, nikamwomba dereva aketi tena.

"Mzee, mimi naona," alisema.

"Ndiyo maana."

Mama alimfundisha kwanza jinsi ya kuiongoza programu kwa kibodi, na akamfundisha vizuri, kwa kuwa dereva alifika kwenye jina na kulijaza. Akafika pale sauti iliposema andika, akauliza, niandike nini? Mama alitabasamu tu. Kwenye kalenda alibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Kwenye kitufe cha mwisho akasikiliza zile herufi na tarakimu, akapanda, akashuka.

"Bonyeza basi, tuondoke," alisema mama.

"Nibonyeze nini?"

"Ndilo ninaloliuliza mimi tangu asubuhi, mtani wangu."

Alikuwa amekwama pale pale. Mtu mwenye macho mazima na vidole visivyo na ila, aliyekwisha kuutazama ukurasa ule muda mfupi kabla, alikuwa amekwama palipomkwamisha mama, kwa mpangilio ule ule. Mtengenezaji alisogeza kiti chake mbele. "Mama," alisema, "hapo kwenye andika, ungependa akwambie nini hasa?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimuuliza mtu jambo asilolijua.

Nilikwenda kwa mkuu jioni hiyo. Nilimweleza kwamba sitaandika kuwa wasioona wanaweza kuitumia tovuti, kwa sababu sijamwona hata mmoja akiweza, na kwamba wanaoona nao wanatuma maombi yasiyofika.

"Tunazindua Ijumaa, mzee wetu. Mgeni rasmi amekwisha kualikwa."

"Zindueni. Lakini sharti lako kwa wasioona lisitishwe hadi irekebishwe."

"Nilisitishe kwa sababu ya utani wa dereva na opereta? Wewe unayekataa maneno ya watu umeufanya utani kuwa ushahidi?"

Lilikuwa swali zuri, na nilimheshimu kwa kuliuliza.

"Utani ulinionyesha pa kutazama," nilimjibu. "Ushahidi ni dereva mwenyewe. Nimemzimia skrini akashindwa palipomshinda mama. Ingekuwa ni mazoea ya vidole, vidole vya watu wawili tofauti visingekosea mahali pamoja. Sharti lako ni la haki, mkuu. Lakini kwa sasa unampima mama yule kwa kufuli ambalo halina ufunguo, kisha unaandika kwamba hajui kufungua."

Aliinuka, akaenda dirishani. Alikuwa na kijana yule wa mwaka uliopita kichwani mwake, najua, na aibu aliyoipata mbele ya walimu. Hatimaye akasema sharti halitaondolewa, ila mtengenezaji atapewa hadi siku ya mwisho ya kupokea maombi, na mama ataitwa siku hiyo. Aje peke yake. Asipoweza kwa tovuti iliyorekebishwa, basi.

Sikupata zaidi ya hapo, na sikudhani nilistahili kupata zaidi.

Uzinduzi ulifanyika, watu wakapiga makofi, tovuti ikasifiwa na wengi ambao hawakuigusa. Mtengenezaji hakuhudhuria. Alikuwa katika chumba nilichopewa, amefunga dirisha kwa pazia, skrini yake imezimwa, akijifunza kuisikiliza kazi yake mwenyewe. Alikuwa akilaani kwa sauti ndogo.

Siku ya mwisho mama alifika. Dereva alimshusha, akabaki kwenye gari kama ilivyoagizwa. Mkuu alisimama ukutani, mimi nyuma ya mlango, mtengenezaji kwenye kompyuta ya kupokelea.  Mama aliweka vidole kwenye kibodi. Sauti ikamtajia jina la kila nafasi naye akaijaza. Tarehe ya kuzaliwa akaiandika kwa tarakimu, bila kalenda. Mwishoni ile sauti ya Kizungu ikatamka "Tuma" kwa namna ambayo haikufanana na Kiswahili chochote nilichowahi kusikia, na mama akabonyeza. Alisubiri. Sauti ikaanza kusoma ukurasa mpya kutoka juu, naye akaisikiliza yote, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesubiri laini ya mbali iunganike, hadi ilipofika mahali iliposema kwamba maombi yamepokelewa.

"Yamefika," alisema mtengenezaji.

Mkuu alitoka ukutani akampa mama mkono. "Hongera sana. Sharti umelitimiza, na nafasi ni yako. Nitamwandikia bosi wako leo." Kisha, kwa furaha ya mtu ambaye mambo yake yamenyooka, akaongeza: "Na tovuti sasa ni nzuri, au siyo?"

Mama alikuwa ameanza kuinuka. Alikaa tena.

"Hapana, mkuu," alisema. "Sasa inapitika. Bado si nzuri. Kila ukurasa ananianza upya na historia ya chuo, viongozi wa chuo, picha za chuo, ndipo anifikishe ninapokwenda. Anayeona huyaruka hayo kwa jicho. Mimi sina pa kurukia. Niwekeeni njia juu kabisa, nibonyeze mara moja niende kwenye kazi yangu."

Mkuu alicheka kidogo, akamtafuta dereva kwa macho pale chumbani, akiamini kwamba utani umeanza tena.

"Mtani wangu yuko kwenye gari," alisema mama. "Hili nakwambia wewe."

Kicheko kilimwisha mkuu. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamwomba arudie taratibu, nami nikafungua ukurasa safi wa taarifa yangu na kuandika alichokisema.